Henry Rowlands, kasisi wa Llanidan: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Henry Rowlands alikuwa kasisi wa parokia katika kisiwa cha Anglesey, kaskazini-magharibi mwa Welisi. Mwaka 1723, mwaka ule ule aliofariki dunia, kilichapwa kitabu chake kikubwa kuhusu mambo ya kale ya kisiwa hicho. Watu wengi hulikuta jina lake kwa mara ya kwanza kwenye habari za Madruidi, makuhani wa dini ya kale ya Welisi na nchi jirani, ambako analaumiwa kwa kuwapa makao yasiyothibitishwa, au kwenye maelezo ya mawe ya kale, ambako anashukuriwa kwa kuyaandika kabla hayajang'olewa. Lawama ni za haki, na shukrani pia ni za haki. Hapa nimekusanya maswali ambayo wapenzi wa historia huuliza sana kuhusu mtu huyu, na nimejibu kwa kirefu pale tu panapostahili.

Alizaliwa wapi, na kwao walikuwa watu wa namna gani?

Alizaliwa mwaka 1655 katika nyumba iitwayo Plas Gwyn, parokia ya Llanedwen, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa. Baba yake alikuwa William Rowlands, na mama yake Maud alitoka katika ukoo wa Wynne wa Penhesgyn, kisiwani humo humo. Walikuwa watu wenye ardhi yao, ingawa si mabwana wakubwa. Katika Welisi ya wakati ule, ukoo wa namna hiyo uliijua nasaba yake vizazi vingi nyuma, na mtoto alikua akisikia nani alimzaa nani na shamba lipi lilitoka kwa nani. Ukisoma maandishi yake utaona malezi hayo hayakumtoka kamwe.

Anglesey yenyewe si kisiwa kikubwa. Ina kilomita za mraba zipatazo 714, yaani ni ndogo kuliko Pemba. Wenyeji huiita Ynys Môn, na Warumi waliiita Mona. Inatenganishwa na bara na mkondo mwembamba wa bahari uitwao Menai, wenye maji yaendayo kasi. Daraja la kwanza la kuuvuka lilifunguliwa mwaka 1826, miaka zaidi ya 100 baada ya Rowlands kuzikwa. Yeye na waumini wake walivuka kwa mashua.

Alisoma chuo kikuu gani?

Hakusoma chuo kikuu chochote. Makasisi wengi wa Welisi waliojulikana kwa elimu walipitia Oxford. Yeye alijisomea mwenyewe. Alijifunza Kilatini vizuri kiasi cha kuandika kitabu kizima kwa lugha hiyo, na Kiebrania cha kumwezesha kulinganisha maneno yake na ya Kiwelisi. Waliomwandika baadaye wanasimulia kwamba hakusafiri mbali zaidi ya Conwy, ng'ambo ya Menai, na Shrewsbury, mji wa Uingereza ulio karibu na mpaka wa Welisi. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila unapofungua kitabu chake. Alikuwa mbali na maktaba kubwa, na vitu alivyoweza kuvichunguza kwa macho yake vilikuwa vile vilivyokuwa umbali wa kutembea kwa miguu au kwenda kwa farasi kutoka nyumbani kwake.

Alihudumu parokia zipi?

Alianza mwaka 1682 katika parokia za Llanfairpwll na Llantysilio. Mwaka 1696 alipewa Llanidan, pamoja na makanisa madogo matatu yaliyo chini yake: Llanedwen, Llanddaniel Fab na Llanfair-yn-y-Cwmwd. Zote ni za upande ule ule wa kisiwa, kando ya Menai au karibu nayo. Alibaki huko mpaka alipofariki.

Llanfairpwll ni ule mji wenye jina refu sana la kituo cha reli?

Ndiyo, ni huo huo. Lakini jina refu lenye herufi 58 lilibuniwa katika miaka ya 1860 ili kuwavutia wasafiri wa treni. Rowlands hakulijua.

Je, ndiye yule askofu Henry Rowlands wa Bangor?

Hapana. Askofu huyo alifariki mwaka 1616, kabla kasisi wetu hajazaliwa. Wala si Daniel Rowland wa Llangeitho, mhubiri maarufu wa Wamethodisti wa Welisi, ambaye alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 18. Ukitafuta habari zake kwenye intaneti, andika jina lake pamoja na neno Llanidan. Utajiepusha na mkanganyiko mwingi.

Kwa nini makasisi wengi walikuwa wachunguzi wa mambo ya kale?

Jibu la haraka ni kwamba walijua kusoma na walikuwa na nafasi. Ni kweli, ila halitoshi. Kasisi wa parokia alikula zaka. Ili aipate zaka yake, ilimbidi ajue kila shamba: mpaka wake uko wapi, nani analimiliki, nani amelikodi, na hati ya zamani ilisema nini. Yeye ndiye aliyetunza daftari za ubatizo, ndoa na maziko. Yeye ndiye aliyeitwa nyumbani kwa mgonjwa kusaidia kuandika wosia, na akaonyeshwa sanduku la hati za ukoo. Akipita kwenda kumzika mtu, alipita kando ya mawe yaliyosimamishwa shambani, akauliza wazee yanaitwaje. Kazi yenyewe ilimweka pale habari zilipokuwa.

Rowlands alikuwa na bahati zaidi, kwa sababu ndani ya parokia zake mna makaburi ya mawe ya kale yanayojulikana sana Welisi. Bryn Celli Ddu iko Llanddaniel Fab. Meza ya mawe ya Plas Newydd haiko mbali na kanisa la Llanedwen. Bodowyr iko upande wa Llanidan, na karibu nayo kuna mawe ya Bryn Gwyn, ngome ya udongo ya Castell Bryn Gwyn, na mahandaki ya Caer Lêb. Hakulazimika kusafiri kutafuta mambo ya kale.

Kitabu chake kikuu kinahusu nini?

Kinaitwa *Mona Antiqua Restaurata*, na kilichapwa Dublin, Ireland. Kina sehemu kubwa mbili. Katika ya kwanza anasimulia historia ya kisiwa tangu watu wa kwanza walipokanyaga ardhi yake baada ya Gharika ya Nuhu. Anaeleza walivyofyeka misitu, walivyogawana ardhi, walivyoabudu na walivyotawaliwa. Hapo ndipo Madruidi wanapoingia, na wakishaingia hawatoki tena: kwake Anglesey ilikuwa makao makuu ya dini yao, mahali alipokaa kiongozi wao mkuu. Sehemu ya pili ni ya mambo ya pembeni yanayoiunga mkono ya kwanza, ikiwemo jedwali la maneno ya Kiebrania na lugha nyingine yakilinganishwa na ya Kiwelisi. Mwishoni kuna barua.

Ndani yake mna pia picha ya Mdruidi Mkuu, mzee mwenye ndevu ndefu aliyeshika tawi la mwaloni. Mchoraji aliufuata mchoro wa kitabu kingine cha karne ya 17, lakini picha hii ndiyo iliyosambaa. Sura ya Mdruidi inayowajia watu akilini leo, mzee wa joho na ndevu msituni, inadaiwa mengi na ukurasa huo.

Kwani Madruidi walikuwako Anglesey kweli?

Walikuwako, na ushahidi hautoki kwa Rowlands. Unatoka kwa Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi. Anasimulia jinsi jenerali Suetonius Paulinus alivyokivamia kisiwa mwaka 60 au 61. Askari wa miguu walivuka kwa mashua za chini bapa. Wapanda farasi walipita penye maji haba, au wakaogelea kando ya farasi wao. Ng'ambo walikuta jeshi limejipanga ufukweni. Katikati ya wapiganaji walikimbia wanawake waliovaa nguo nyeusi, nywele zimetimka, mikononi wana mienge. Pembeni Madruidi waliinua mikono mbinguni wakilaani. Askari wa Kirumi walisimama kama waliopooza mpaka jenerali alipowatia moyo. Kisha wakashambulia, na baada ya ushindi wakaikata misitu mitakatifu. Kazi haikukamilika, kwani habari za uasi wa malkia Boudica zilimfikia Suetonius, akalazimika kurudi. Gavana wa Kirumi Agricola ndiye aliyekuja kukitwaa kisiwa moja kwa moja mwaka 77 au 78.

Rowlands aliyasoma hayo akiwa amekaa hatua chache kutoka maji yale yale. Hebu fikiria maana yake kwake: mwandishi wa Roma anaueleza ufukwe ambao wewe huupitia ukienda kubatiza. Alifanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Alitoka nje kutafuta ni wapi hasa Warumi walishukia, akaona ni upande wa Porthamel, karibu na Llanidan, akategemea majina ya mashamba ya hapo yanayotaja vita na mashua. Hakuna aliyethibitisha hilo hadi leo, lakini ukisimama pale unaelewa kwa nini alipachagua.

Ushahidi mwingine ulipatikana mwaka 1942, wakati wa vita, kiwanja cha ndege cha Valley kilipokuwa kinajengwa magharibi mwa kisiwa. Wafanyakazi walikuwa wakichota udongo mweusi wa kinamasi huko Llyn Cerrig Bach, wakaibua mnyororo mzito wa chuma wenye pingu za shingo. Wakaufunga kwenye trekta, wakavutia malori yaliyokwama, nao ukahimili. Baadaye ndipo ilipobainika kwamba ulikuwa mnyororo wa kufungia watu wenye umri wa miaka ipatayo 2,000. Humo kinamasini vilipatikana vitu zaidi ya 150: panga, mikuki, vyuma vya magari ya farasi, na mabamba yenye mapambo. Vingi vilitupwa majini makusudi, kama sadaka. Havimtaji Mdruidi kwa jina, lakini vinaonyesha kwamba kisiwa hiki kilikuwa mahali pa ibada iliyowavuta watu kutoka mbali.

Basi alikosea wapi?

Alikosea mambo makubwa, na hakuna haja ya kumfichia.

La kwanza ni yale mawe. Aliziona meza za mawe, jiwe pana limelazwa juu ya mengine yaliyosimama, akasema ni madhabahu za Madruidi. Leo tunajua ni vyumba vya kuzikia, vilivyofunikwa hapo zamani kwa kilima cha udongo au kokoto. Bryn Celli Ddu ina umri wa miaka ipatayo 5,000. Iliyojengwa hapo ni njia nyembamba ya mawe iendayo hadi chumba cha ndani, na imeelekezwa hivi kwamba jua linapochomoza siku ndefu kuliko zote za mwaka, mwanga hupenya mpaka ndani. Waliojenga walikuwa wamekwisha kusahaulika zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Mdruidi yeyote tunayemjua katika maandishi.

La pili ni lugha. Alishika kwamba Kiwelisi kina mzizi wake katika Kiebrania, lugha iliyodhaniwa kuwa ya watu wote kabla ya Babeli. Jedwali lake ni la bidii kubwa, na halithibitishi kitu. Maneno mawili yakifanana kwa sauti na maana si hoja, maana katika lugha zozote mbili utayapata.

La tatu ni majina ya mahali. Karibu na Llanidan kuna shamba la Tre'r Dryw, na jirani zake wana majina ambayo aliyafasiri kuwa ya vyeo mbalimbali vya Kidruidi. Akayaunganisha, akapata mji mkuu wa Madruidi ndani ya parokia yake mwenyewe. Hapa ndipo ninapoona alipotelezea zaidi, kwa sababu alikuwa ameshaamua jibu kabla ya kuuliza.

Lakini anayemhukumu amhukumu kwa saa ya wakati wake. Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Armagh alikuwa amechapisha hesabu kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo, na Gharika ikafuata mwaka 2348. Wasomi wa Ulaya walio wengi waliipokea hesabu ya namna hiyo. Ukiwa na miaka michache hivyo, na kitabu cha kale kinachosimulia habari za kisiwa chako kinakuonyesha Madruidi, utampa nani mwingine yale mawe? Mpangilio wa zama za mawe, shaba na chuma ulikuja kuelezwa Copenhagen katika karne ya 19. Kupima umri kwa kaboni kulianza mwaka 1949. Rowlands hakuwa na kipimo chochote cha wakati ila Biblia, Warumi na nasaba za koo.

Kama alikosea hivyo, kwa nini bado anasomwa?

Kwa sababu alitazama vizuri. Mfano ninaoupenda ni wa Bryn Gwyn. Leo ukifika hapo utakuta mawe mawili makubwa yaliyosimama shambani, moja likikaribia mita 4 kwenda juu, na mtu asiye na habari atadhani ni jozi tu ya mawe. Rowlands aliandika kwamba aliona mabaki ya duara. Kwa miaka mingi wasomi hawakujua wamwamini au la, kwa kuwa ndiye yule yule aliyewaona Madruidi kila mahali. Miaka ya karibuni wachimbaji wa mambo ya kale walipofungua ardhi, walikuta alama za mashimo yaliyowahi kushikilia mawe mengine. Duara lilikuwapo. Alichosema kuhusu nani alilijenga si kweli. Alichosema kwamba lipo ni kweli, na kama asingekiandika hakuna ambaye angejua mahali pa kuchimba.

Mfano wa pili uko mlimani. Aliona matuta na mifereji ya kulima ya zamani kwenye miinuko ambayo wakulima wa siku zake hawakuigusa. Akauliza: nani angelima juu huku akiacha bonde lenye rutuba chini? Akajibu kwamba watu wa mwanzo walilima juu kwa sababu mabonde yalikuwa yamejaa msitu na maji, na walishuka kadiri walivyofyeka. Unaweza kubishana na jibu lake. Lakini angalia hatua zake: ameona alama ardhini, ameona haielewani na desturi ya sasa, ametafuta sababu katika mazingira yaliyobadilika. Watu wanaosoma mandhari ya kale leo hufanya hivyo hivyo. Alivutwa pia na magogo na mizizi inayofukuliwa kwenye vinamasi, mahali ambapo hapakuwa na mti hata mmoja uliosimama.

Alikuwa na uhusiano gani na Edward Lhuyd?

Waliandikiana barua, na baadhi zilichapwa mwishoni mwa kitabu chake. Lhuyd (1660–1709) alikuwa Mwelisi aliyesimamia jumba la makumbusho la Ashmolean, Oxford. Mwaka 1696 alichapa karatasi za maswali nakala 4,000, akazisambaza Welisi nzima, nakala tatu kwa kila parokia: mna mawe gani yaliyosimama? Mna hati gani za kale? Mna sarafu zilizofukuliwa, magonjwa gani, samaki gani, desturi gani? Waliojibu kwa sehemu kubwa walikuwa makasisi. Kisha akasafiri mwenyewe kwa miaka kadhaa Welisi, Ireland, Uskoti, Cornwall na Brittany, na mwaka 1707 akatoa kitabu kilichoonyesha kwa utaratibu undugu wa lugha za Kikelti.

Lhuyd ndiye aliyekuwa na mbinu bora, hasa kwenye lugha, na Rowlands alijua hivyo. Barua zinaonyesha kasisi wa kisiwani akiuliza, akijaribu hoja, akikubali kusahihishwa katika baadhi ya mambo. Lhuyd alifariki mwaka 1709, na kitabu cha Rowlands kikatoka miaka 14 baadaye bila jicho lake. Naamini kingekuwa kitabu tofauti kama angekuwapo kukisoma kwanza.

Kwa nini kilichapwa Dublin na si Welisi?

Mtambo wa kwanza wa kudumu wa kuchapa Welisi ulianza kazi mwaka 1718 huko Trerhedyn, kusini-magharibi, mbali kabisa na Anglesey. Dublin ilikuwa ng'ambo ya bahari tu kutoka bandari ya Holyhead, na ilikuwa mji mkubwa wenye wachapaji na wauza vitabu wengi. Toleo la pili lilitoka London mwaka 1766.

Mbona hakuandika kwa Kiwelisi?

Alitaka wasomi wa Oxford, London na Dublin wamsome, kwa hiyo aliandika kitabu kikuu kwa Kiingereza na kingine kwa Kilatini. Waumini wake, ambao ndio waliompa majina ya mashamba na masimulizi ya mawe, walikuwa watu wa Kiwelisi. Walio wengi hawangeweza kukisoma. Hili linanisikitisha kuliko makosa yake yote kuhusu Madruidi. Kwa kulinganisha, kasisi mwingine wa Welisi, Theophilus Evans, alitoa historia ya Wawelisi wa kale kwa lugha yao mwaka 1716. Kwa usahihi, kitabu hicho hakimzidi Rowlands, lakini kilisomwa majumbani kwa vizazi.

Ni kitabu gani hicho cha Kilatini?

Kinaitwa *Antiquitates Parochiales*, na kwangu ndicho kazi yake bora. Alikianza mwaka 1710. Anapita parokia za upande wake wa kisiwa moja baada ya nyingine, shamba kwa shamba: nani analimiliki, lilitoka kwa nani, ukoo huo unarudi nyuma mpaka wapi. Wengi wanaishia kwa Llywarch ap Brân, bwana wa Menai katika karne ya 12. Hapa hana Madruidi wa kumvuta pembeni. Ana hati mkononi na wazee wa kuuliza. Hakukimaliza. Maandishi yake yalikaa zaidi ya miaka 100 bila kuchapwa, hadi yalipoanza kutolewa mwaka 1846 katika jarida jipya la mambo ya kale ya Welisi, *Archaeologia Cambrensis*. Jarida hilo lilianzishwa na watu wawili, Harry Longueville Jones na John Williams aliyejulikana kama Ab Ithel, na wote wawili walikuwa makasisi.

Nimesikia alikuwa pia mtaalamu wa kilimo. Ni kweli?

Ni kweli kwamba aliandika juu ya kilimo. Mnamo 1704 aliandika kijitabu kuhusu namna mimea inavyokua na jinsi ya kurutubisha ardhi kwa chokaa, mchanga wa pwani wenye maganda ya konokono na kome, na udongo wa chokaa. Kilichapwa Dublin mwaka 1764. Kasisi wa wakati ule alikuwa na shamba la kanisa la kulima, na mavuno ya jirani zake ndiyo yaliyokuwa zaka yake, kwa hiyo jambo hili lilimhusu kila siku.

Vipi hadithi ya jiwe la paja la Llanidan?

Hii ni ya kale kuliko Rowlands. Gerald wa Welisi, kasisi aliyezunguka nchi hiyo mwaka 1188, alisimulia kwamba Anglesey kuna jiwe lenye umbo la paja la mtu, na kwamba ukilibeba ukaenda nalo mbali, usiku hurudi lenyewe mahali pake. Bwana mmoja wa Kinormani, Hugh wa Shrewsbury, aliamua kulijaribu. Akalifunga kwa minyororo ya chuma kwenye jiwe kubwa zaidi, akalitupa baharini. Asubuhi likaonekana liko pale pale lilipokuwa.

Jiwe hilo lilihusishwa na kanisa la Llanidan, na Rowlands, kasisi wa kanisa hilo hilo, aliandika kwamba lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na mtu. Safari hiyo halikurudi.

Kuna mtu wa kulinganishwa naye katika pwani yetu?

Watu humtaja mmisionari kama Krapf au Askofu Steere. Walihifadhi mengi, lakini walikuja kutoka mbali, ilhali Rowlands aliandika juu ya alipozaliwa. Wa karibu zaidi kwa maoni yangu ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyeandika historia ya ukoo wake wa Mazrui uliotawala Mombasa. Naye alikuwa mwanachuoni wa dini, mwenyeji, mwenye hati na masimulizi ya kwao, na kazi yake hiyo nayo ilichapwa baada ya yeye kufariki.

Je, Rowlands ndiye aliyeleta sherehe za Madruidi za Eisteddfod, tamasha la mashairi na muziki la Welisi?

Siye. Mkutano wa watu wa majoho, Gorsedd, ulibuniwa na mshairi wa Kiwelisi Iolo Morganwg, na wa kwanza ulifanyika Primrose Hill, London, mwaka 1792. Uliunganishwa na Eisteddfod huko Carmarthen mwaka 1819. Lakini vitabu kama cha Rowlands, na baadaye vya William Stukeley wa Uingereza, ndivyo vilivyowazoesha watu kuyaona mawe ya kale na kuwafikiria Madruidi.

Amezikwa wapi, na panafikika?

Alifariki tarehe 21 Novemba 1723 na amezikwa Llanedwen, parokia aliyozaliwa. Kaburi lake lina bamba la jiwe lenye maandishi ya Kilatini aliyoyatunga mwenyewe. Kanisa la sasa lilijengwa upya mwaka 1856, karibu na Menai na jirani na jumba la Plas Newydd. Halina umeme, ibada za jioni huendeshwa kwa mishumaa. Kanisa lake la Llanidan sehemu kubwa lilibomolewa katika miaka ya 1840, lilipojengwa jipya Brynsiencyn. Bryn Celli Ddu iko wazi kwa wageni na haina kiingilio, na Bodowyr utaiona shambani ndani ya uzio wa chuma. Vitu vya Llyn Cerrig Bach viko kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa, Cardiff.

Nataka kumsoma. Nianzie wapi?

Usianze ukurasa wa kwanza. Gharika na Babeli zitakuchosha kabla hujamjua mwandishi. Anza na barua alizoandikiana na Lhuyd, umsikie akiuliza. Kisha rudi kwenye kurasa anazoeleza mawe ya parokia zake, huku umefungua ramani ya upande wa kusini wa Anglesey, uweke kidole juu ya Llanidan na kumfuata. *Antiquitates Parochiales* utaipata bila malipo kwenye majarida ya Kiwelisi yaliyowekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Welisi, Aberystwyth, na Kilatini chake kimeambatana na tafsiri ya Kiingereza. Jedwali la Kiebrania liache mwisho kabisa.